Shamba la Mwanga: upepo, jua, au tuuze?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Ninaishi Pasua, Moshi mjini. Marehemu baba alituachia ekari 85 wilayani Mwanga, tambarare chini ya milima ya Upare, kama kilomita mbili kutoka barabara kuu ya Same. Upepo wa pale ni mkali mno, bati la nyumba limeezuliwa mara mbili. Sasa kuna bwana amekuja na karatasi, anasema ana wawekezaji wa umeme wa upepo na jua. Anataka tumsainie ashikilie shamba miaka mitano, na sisi tuchangie shilingi milioni 3 za upembuzi. Nyaya kubwa za umeme zinapita karibu kabisa. Wadogo zangu wawili wanasema tuuze yaishe. Nitajuaje kama shamba linafaa kabla hatujasaini? – Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na lisilosubiri: hiyo milioni 3 msitoe. Katika kazi hii anayetaka ardhi ndiye anayegharamia upimaji, na akiomba ashikiliwe eneo wakati anapima, yeye ndiye anayelipa ada kwa mwenye eneo. Nimezunguka na wawekezaji Longido, Monduli, Same, wakubwa kwa wadogo, na sijakutana na mmoja aliyemchangisha mwenye shamba. Anayefanya hivyo biashara yake ni hiyo milioni 3.

Sasa shamba lenyewe. Na kwa kuwa umeanza na upepo, tuanze nao, ingawa utaona mbele kwamba si huko ninakoelekea.

Bati kuezuliwa kunakuambia jambo moja tu: siku ile, kwa dakika chache, upepo ulivuma kwa fujo. Siku kama hizo mtambo hauzipendi. Ukizidi kama mita 25 kwa sekunde, mitambo mingi mikubwa hujizima ili isivunjike. Kinachouzwa ni wastani wa mwaka mzima, mchana na usiku, kaskazi na kusi, tena kwenye kimo cha kitovu cha mapanga, mita 80 au 100 kutoka ardhini. Pale kwenye kamba ya kuanikia nguo ni hadithi nyingine.

Wastani huo una tabia moja ambayo wenye mashamba wengi hawaambiwi. Nguvu iliyomo kwenye upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi yake. Zidisha 5 kwa 5 kwa 5 upate 125; zidisha 6 mara tatu vivyo hivyo upate 216. Yaani eneo la mita 6 kwa sekunde lina nguvu zaidi ya eneo la mita 5 kwa asilimia 73, wakati wewe uliyesimama hapo na kitenge chako huwezi kuhisi tofauti yoyote. Ndiyo maana benki haikubali neno la mtu, hata la mzee aliyezaliwa hapo. Inataka mlingoti wenye vipima upepo katika vimo tofauti, usimame angalau miezi 12, na kumbukumbu zake zilinganishwe na za vituo vya hali ya hewa vya miaka mingi.

Hili nimelijua kwa aibu. Zamani kidogo, nikiwa bado mgeni katika kazi, nilifunga kipima upepo juu ya paa la ghala la mfugaji mmoja huko Monduli. Namba zilikuja tamu. Kumbe mteremko wa lile paa ulikuwa unaubana upepo na kuuharakisha palepale kwenye kifaa changu. Mzee wa watu akanunua mtambo mdogo kwa ushauri wangu, tukausimamisha mita 30 pembeni, ukawa unazunguka kwa kusuasua kama pangaboi la karatasi la mtoto. Hadi leo nikipita njia ya Makuyuni huwa naangalia upande wa pili.

Sasa la Mwanga hasa. Upande wenu wa milima ni ule mkavu, kwa sababu upepo wenye unyevu kutoka baharini hukutana na Upare upande wa pili kwanza na kuacha mvua huko. Ukishavuka mgongo wa mlima hushuka ukiwa umevurugika, kama maji ya mto yaliyogonga jiwe: mara kasi, mara kimya, mara unageuka. Huo ndio unaong'oa bati. Mapanga ya mtambo hayapendi upepo wa namna hiyo, huyachosha kabla ya umri wake. Lakini wilaya yenu isidharauliwe. Mgagao ilikuwa miongoni mwa sehemu chache nchini zilizowekewa vipimo vya upepo, pamoja na Karatu, Makambako na Kititimo kule Singida. Makambako na Singida ndizo zilizong'ara zaidi. Na pale ambapo mlima una pengo, upepo hupita kwa kukazwa, na kilomita tatu tu zinaweza kutenganisha eneo la dhahabu na eneo la bure.

Ukitaka dalili ya bure, tazama migunga iliyo peke yake uwandani, mbali na nyumba. Kama matawi yake yote yameegemea upande mmoja, kana kwamba kuna mtu aliyeyachana kwa kitana, hapo upepo unatoka upande mmoja kwa muda mrefu wa mwaka na una nguvu. Kama mti umesimama sawa na matawi yamejaa pande zote, basi hata bati liezuliwe mara kumi, sina la kukupa. Halafu fungua kwenye simu ramani ya bure ya Global Wind Atlas, weka alama shambani kwako, usome kasi ya mita 100. Ramani hiyo haiuzi shamba. Inakuonyesha tu kama inafaa kuendelea kusumbuka.

Kisha kuna ukubwa. Ekari 85 ni kama hekta 34. Zingekuwa mraba kamili, kila upande ungekuwa na mita 590 hivi. Mtambo wa kawaida wa siku hizi una mapanga yanayochora duara la mita 100 au zaidi, na mtambo mmoja huwekwa mbali na mwenzake mara tano hadi tisa ya upana huo kwa upande upepo unakoelekea, ili wa mbele usimwibie wa nyuma. Kwa hiyo kwako inakaa mitambo miwili, mitatu kwa kubanana. Hakuna atakayeleta kreni kubwa na kusafirisha mapanga marefu kuliko basi la Dar kutoka bandari ya Tanga kwa ajili ya mitambo miwili. Upepo ni biashara ya kijiji kizima au vijiji viwili kwa pamoja, na shamba lako ni kiti kimoja mezani. Uzuri wake ni kwamba mitambo ikishasimama hula ardhi kidogo sana, msingi na barabara tu, na ng'ombe huendelea kulisha chini yake.

Jua ndilo linalokaa vizuri ndani ya ekari zako, na hapa ndipo ningeweka nguvu.

Megawati moja ya paneli huchukua takriban ekari tano ukihesabu njia za kupita na nafasi za kuzuia safu moja isitie kivuli nyingine. Toa makorongo, toa kingo, toa kaburi la mzee na nyumba, bado unabaki na nafasi ya megawati 10 bila kubanana. Hiyo 10 ina maana yake nchini kwetu, kwa sababu utaratibu wa EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, kwa wazalishaji wadogo wa umeme unahusu miradi ya kilowati 100 hadi megawati 10. Katika ukanda wetu kilowati moja ya paneli huzalisha kati ya uniti 1,500 na 1,700 kwa mwaka ikisimikwa vizuri. Yaani megawati 10 ni zaidi ya uniti milioni 15.

Watu wa Moshi hufikiri jua ni jua tu popote, ilhali mnaishi chini ya mlima unaotengeneza mawingu yake mwenyewe. Juni hadi Agosti, Kibosho na Marangu wanaweza kukaa siku tatu bila kuliona jua, wakati Longido na nyanda za chini za Mwanga anga ni jeupe. Shamba lako liko upande mzuri wa hadithi hiyo. Joto tu ndilo litakalowagharimu: paneli ikifika nyuzi 60, na Mwanga zitafika, hupoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya nguvu yake ikilinganishwa na ile inayoandikwa kwenye kibandiko. Arusha tunawashinda hapo, kwa baridi yetu, ila sisi tuna mawingu. Nyanda hizi zote zina vumbi, na vumbi ni maji ya kuoshea, na maji Mwanga unayajua bei yake.

Sasa nenda shambani, siyo kwa simu. Chukua mdogo wako mmoja, yule anayetaka kuuza zaidi kuliko mwenzake, mfike kabla ya saa moja asubuhi.

Kwanza angalia jua linawafikia saa ngapi. Milima iko mashariki yenu. Kama mgongo wa mlima uko mita 1,200 juu ya shamba na umbali wa kilomita nne, mtapoteza saa nzima na dakika kadhaa za asubuhi. Haiui mradi, kwa kuwa jua la saa moja ni dhaifu, ila mnunuzi ataijua na ataitumia kushusha bei, kwa hiyo uijue kabla yake. Kusogea hata kilomita moja kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu hubadilisha saa hiyo.

Halafu miti na vilima vya karibu. Sisi tuko nyuzi tatu na kidogo kusini ya ikweta, kwa hiyo jua halikai upande mmoja. Juni liko kaskazini yetu, Desemba liko kusini. Mbuyu wa mita 10 saa sita mchana wa Juni hutupa kivuli cha mita tano upande wa kusini. Saa tatu asubuhi kivuli hichohicho kinapita mita 10 na kuelekea kusini-magharibi. Msikate kitu. Chora tu kwenye daftari kila mti na kila nguzo iko wapi.

Mteremko mpimeni kama fundi wa nyumba anavyopima msingi, kwa mpira wa maji. Nyosheni mpira mita 20, mmoja akae kila ncha, muone tofauti. Ikiwa chini ya mita moja mko salama. Ikizidi mita mbili, gharama ya kusawazisha na ya kuzuia mmomonyoko inaanza kula mradi.

Udongo ndio watu wanaousahau kuliko vyote. Chukueni sururu mchimbe mashimo matano yenye kina cha mita moja, moja kila kona na moja katikati. Mkikuta udongo mweusi ule ambao kiangazi hupasuka hadi mkono unaingia, masika unavimba na kunata kwenye gambuti, nguzo za paneli zitasukumwa juu na kushuka kila mwaka. Mkikuta mwamba karibu, kutoboa ni ghali. Mkiona ganda jeupe juu ya ardhi baada ya maji kukauka, onjeni. Ni magadi, na magadi hula chuma kilichozikwa. Bonde la Pangani linayo sehemu nyingi. Udongo mwekundu wa changarawe uliokaza, hapo ninatabasamu.

Mwisho wa matembezi, tafuteni mzee jirani mumuulize swali moja: mvua za El Niño za 1997 na 1998, maji yalifika wapi? Akuonyeshe kwa fimbo. Korongo kavu la Mwanga lina adabu miaka tisa, wa kumi linachukua mbuzi na uzio. Na sheria ya mazingira hairuhusu shughuli kama hizi ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au bwawa, kwa hiyo eneo hilo litoe kwenye hesabu mapema. Muulize pia tembo wanapita wapi. Hifadhi ya Mkomazi haiko mbali, na tembo hasomi hati ya kiwanja. Ushoroba, yaani njia yao ya kupita, ukiwa shambani, NEMC, baraza la taifa la mazingira, litauona kwenye tathmini ya athari kwa mazingira, na ni afadhali uuone wewe kwanza.

Nyaya kubwa ulizozitaja. Watu wengi huziona kama bahati, na ndizo zinazowaponza. Njia ya kilovolti 132 inayotoka Hale kupitia Same hadi Kiyungi pale Moshi ni barabara kuu ya umeme; huwezi kuichomekea mradi wako katikati ya safari kama unavyopanda daladala. Kuingilia njia hiyo ni lazima kijengwe kituo cha kupozea umeme, na gharama yake inaweza kushinda ya paneli zenyewe kwa mradi mdogo. Kinachokufaa wewe ni laini ya kilovolti 33, zile nyaya tatu juu ya nguzo za miti kando ya barabara, na maswali ni mawili: iko umbali gani kutoka shambani, na ina nafasi kiasi gani. Laini ndefu iliyo mbali na kituo haibebi megawati 10 hata ukiisihi. Pengine itabeba mbili au tatu, kisha volti zinaanza kupanda mpaka taa za majirani zinaungua. Jibu la hilo liko ofisi ya TANESCO ya mkoa, na ndilo jibu linaloamua thamani ya shamba lenu kuliko upepo na jua vikijumlishwa. Nimeona mashamba ya jua bora kabisa Longido yakikaa bila mteja kwa sababu ya kilomita 30 za waya.

Jirani zetu Kenya walilipa somo hili kwa bei kubwa. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, megawati 310, mitambo 365, ulikamilisha kusimika mitambo mwaka 2017, ukasubiri njia ya kusafirisha umeme yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400 hadi Septemba 2018. Mitambo imesimama, upepo unavuma, hakuna pa kuupeleka. Halafu mwaka 2021 mahakama ya ardhi kule Meru ikaamua kwamba hati za eneo hilo la mradi, ekari 150,000, hazikupatikana kwa utaratibu. Kinangop, hukohuko Kenya, mradi wa upepo wa megawati 60 ulifutwa mwaka 2016 baada ya ugomvi na wenye mashamba. Upepo wa Kinangop ulikuwepo, na upo mpaka leo.

Hapo ndipo ninakuja kwenye karatasi zenu, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Umesema marehemu baba aliwaachia. Je, kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama? Kama hayupo, hakuna hata mmoja kati yenu mwenye mamlaka ya kusaini chochote juu ya shamba hilo, si wewe, si wadogo zako, si kukodisha, si kuuza. Yule bwana akisema "saini tu, mirathi baadaye", mjue ama hajui kazi ama anaijua sana. Kaeni kikao cha ukoo, mpeleke muhtasari mahakamani, mpate barua. Hilo haliendi kwa haraka ya mwekezaji.

La pili, shamba lina hati gani? Kama ni ardhi ya kijiji, iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na halmashauri ya kijiji pamoja na mkutano mkuu wa kijiji wana sauti. Kata hati ya hakimiliki ya kimila kama hamna. Na kama mwekezaji ni mgeni, sheria zetu haziruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji na kupitia mamlaka ya serikali; akikuambia atanunua moja kwa moja kwa jina lake, mazungumzo yaishie hapo.

Mkishapata hayo, kushikilia eneo kwa ajili ya upimaji si jambo baya, ila miaka mitano ni mingi mno. Miwili inatosha, wa tatu kwa malipo zaidi. Ada ya kila mwaka ilipwe mwanzoni mwa mwaka. Muda ukiisha bila ujenzi, shamba lirudi mikononi mwenu lenyewe, bila barua wala kesi, na takwimu zote alizopima mpewe nakala. Hilo la takwimu watalikataa. Shikilieni, maana kumbukumbu za mwaka mzima wa jua na upepo wa shamba lenu ni mali mnayoweza kumwonyesha mteja anayefuata. Kodi ya ujenzi iandikwe pamoja na nyongeza yake kila baada ya miaka kadhaa, kwa sababu paneli hukaa miaka 25 na shilingi haitakaa ilipo. Na iandikwe nani anaondoa vyuma na zege siku mradi ukifa, na fedha za kazi hiyo ziwekwe wapi tangu sasa. Wakili wenu awe wenu, asiwe yule aliyekuja kwenye gari lake.

Wadogo zako waambie hivi: ekari za Mwanga zinazouzwa leo zinauzwa kwa bei ya mbuga ya mbuzi. Kama laini ya kilovolti 33 ina nafasi, bei hiyo si ya shamba hilo tena, na aliyewatuma yule bwana huenda analijua jibu tayari. Kama haina nafasi, mtauza vilevile, hamjapoteza kitu zaidi ya nauli ya kwenda TANESCO.

Ukienda, usiende na maneno matupu. Andika namba iliyo kwenye transfoma iliyo karibu na shamba, chukua majira ya nukta, zile namba za GPS, ya katikati ya shamba kwenye simu yako, na uombe kwa barua: jina la laini, kituo inakotoka, na megawati ngapi bado inaweza kupokea. Barua iwe na nakala, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukishapata jibu niandikie tena, na unitumie picha ya ile migunga.